Muulize Shangazi: Miaka ya 1970 au ya 1990?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kaka yangu na mimi hatupatani kwenye jambo moja. Yeye anasema muziki uliishia miaka ya 1970, na vilivyofuata ni kelele tupu. Mimi nimekulia miaka ya 1990, na hiphop ya wakati ule ndiyo iliyonilea. Juzi tumebishana mpaka usiku wa manane, mama akatutoa sebuleni. Tumekubaliana utuamue wewe: mwongo upi ulitoa muziki bora?
Mbishi Mdogo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaamua, wala sitawaambia kwamba kila zama ina uzuri wake, maana jibu hilo mama yenu angeweza kuwapa akalale.

Kwanza nimkosoe kaka yako. Kwa miaka mingi nilitunza maktaba ya santuri katika kituo cha redio. Rafu za miaka ya 1970 zilikuwa ndefu kuliko zote, na santuri nyingi sana kati ya zile hakuna mtangazaji aliyewahi kuniomba hata siku moja. Nilizipangusa vumbi, nikazirudisha. Kaka yako anazikumbuka zilizopona tu. Analinganisha mchele wake uliokwisha kupepetwa na wako ambao bado una pumba, na hiyo si haki.

Hata hivyo ushindi nampa yeye, kwa sababu ambayo hakuitaja.

Mchukue mwanamuziki Stevie Wonder. Aliingia Motown, kampuni ya kurekodi muziki ya Marekani, mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 11, akaimba alivyoelekezwa. Mwaka 1971 akatimiza miaka 21, mkataba ukaisha, naye akakataa kusaini mwingine mpaka apewe uhuru wa kuamua muziki wake mwenyewe. Akapewa. Akaingia studio na mafundi wawili, Malcolm Cecil na Robert Margouleff, waliokuwa na sinthesaiza, yaani ala inayotengeneza sauti kwa umeme, iitwayo TONTO, kubwa kama kabati za ukuta mzima, akapiga ala nyingi kwa mikono yake. Kati ya 1972 na 1976 alitoa albamu tano, na tatu kati yake zikatwaa Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka. Siku nilipoiweka mojawapo, Innervisions ya 1973, kwenye sahani kwa mara ya kwanza, niliisikiliza pande zote mbili nimesimama, na kazi ya mchana ule ikalala.

Hivyo ndivyo ninavyoupima mwongo: ni milango mingapi ilifunguliwa? Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba watu huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake, akawa anatumia santuri mbili za wimbo uleule ili kukirefusha kipande hicho. Hiphop yako inahesabu kuzaliwa kwake tangu usiku ule. Mwaka 1977 Donna Summer na Giorgio Moroder wakatoa wimbo I Feel Love, ambao karibu muziki wake wote umetoka kwenye sinthesaiza, na muziki wa klabu bado unaishi humo. Wakati huohuo Fela Kuti alikuwa na afrobeat yake Nigeria, na Bob Marley aliufikisha reggae duniani kote. Yote hayo ndani ya miaka kumi!

Usidhani napendelea ujana wangu. Mimi ni wa miaka ya 1980, na moyo wangu hadi leo unaruka nikisikia mashine ya ngoma ya Roland TR-808. Lakini ilipotoka sinthesaiza ya Yamaha DX7 mwaka 1983, wanamuziki wengi waliridhika na sauti zilizotoka nazo kiwandani. Kinanda kilekile chenye mlio wa kengele kikaingia katika kila wimbo wa mapenzi. Iliniuma, kwa sababu waimbaji walikuwa wazuri mno.

Miaka yako ya 1990 ninaiweka ya pili, na si kwa huruma. Lauryn Hill peke yake, kwa albamu yake ya 1998, anatosha kumnyamazisha anayesema ni kelele. Ila sikiliza ngoma zilizo chini ya nyimbo zako. Maprodyuza walizichota kwenye santuri za zamani kwa mashine za sampla, zinazonasa kipande cha wimbo na kukirudia. Wimbo uliochotwa kuliko karibu nyimbo zote ni Funky Drummer wa James Brown, uliotoka 1970, na aliyepiga ngoma zile ni Clyde Stubblefield.

Mwekee kaka yako wimbo huo hadi pale bendi inaponyamaza na Stubblefield kubaki peke yake. Kisha, bila kusema neno, mwekee hiphop unayoipenda wewe.