Wasomaji Wauliza: Risasi na Makombora Yakiwa Vitani

Kambi yetu ya mbele ni finyu, na malundo ya makombora yamesongamana na mahema. Umbali salama unapigwaje hesabu? – Koplo wa mizinga, Arusha

Afande, anza na kitu ambacho wengi hukikosea: kinachoingia kwenye hesabu ni uzito wa kilipuzi peke yake. Uzito wa sanduku au wa chuma hauhesabiwi. Kombora la milimita 155 aina ya M107 lina kilo 43 hivi, lakini kilipuzi kilichomo ni takriban kilo 7. Makombora 1,140 yanakupa kama kilo 8,000 za kilipuzi, na hicho ndicho kiasi tutakachokitumia hapa.

Kanuni ni fupi: chukua kipeuo cha tatu cha kilo hizo (namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara tatu inakupa kilo hizo), kisha zidisha kwa namba inayolingana na unachotaka kukilinda. Kwa nyumba za raia, Umoja wa Mataifa na NATO hutumia 22.2. Kipeuo cha tatu cha 8,000 ni 20, kwa hiyo unapata mita 444. Ukiwa na kilo 64,000, yaani mara nane zaidi, umbali unafika mita 888, mara mbili tu. Faida iko hapo hapo: ukigawa shehena vipande vidogo, umbali haupungui sana, lakini kinacholipuka kwa mkupuo mmoja kinapungua sana. Shehena ndogo nazo zisikudanganye. Vigae vya chuma huruka mbali kuliko wimbi la mlipuko, ndiyo maana penye makazi ya watu wengi hushuki chini ya mita 400 hata kama hesabu inakupa pungufu.

Kati ya lundo na lundo namba ni nyingine. Wamarekani hutumia 2.4 penye tuta la udongo katikati, na 4.4 pasipo na tuta. Kwa kilo 8,000 hizo ni mita 48 dhidi ya mita 88. Ukizigawa malundo nane ya kilo 1,000, kila lundo linahitaji mita 24 tu kutoka kwa jirani yake, mradi tuta liwepo. Lundo moja likilipuka, yale saba yana nafasi nzuri ya kubaki. Yakiwa pamoja, umepoteza yote kwa kishindo kimoja, na kesho mizinga yako haina cha kupiga.

Tuta lenyewe lizidi kimo cha lundo kwa sentimita 30 hivi, na juu lisiwe jembamba kuliko mita 1. Vizimba vya waya vilivyojazwa udongo vinafaa, mifuko ya mchanga pia. Usijaze mawe: mlipuko utayageuza kuwa makombora mengine. Na jua mpaka wa kazi ya tuta. Linazuia vigae vinavyoruka chini kwa kasi, visiamshe lundo la pili. Wimbi la mlipuko linapita juu yake na kuendelea hadi kwenye mahema yako.

Vitani mita hizi mara nyingi hazipatikani, na hakuna anayekutaka uzizue. Ila upungufu usiwe siri ya mtunza ghala. Uandikwe: kilo ngapi ziko wapi, ni nini kitaharibika zikilipuka, askari wangapi wanalala ndani ya duara hilo. Kamanda ausome na kuutia sahihi. Karatasi hiyo ikifika mezani, mara nyingi mahema huhamishwa jioni ile ile.

Lori lenye makombora likishika moto, tulizime au tukimbie? – Dereva wa msafara, Nakuru

Inategemea moto uko wapi. Ukiwa kwenye injini au tairi na haujagusa mzigo, pigana nao mara moja kwa vizimia moto vyote viwili vya gari. Moto wa tairi hurudi baada ya kuonekana umezimika, basi endelea kumwaga maji mpaka mpira upoe. Moto ukishafika kwenye masanduku, ondokeni. Hakuna aliye na haki ya kumwamuru mtu abaki.

Alama ya rangi ya chungwa ubavuni ndiyo inayowaambia wazimamoto kilichomo. Pembe nane yenye namba 1 ni mlipuko wa mkupuo mmoja: hausogelewi. Msalaba wenye 2 ni vigae, milipuko ya moja moja inayodumu kwa saa kadhaa. Pembetatu iliyopinduliwa yenye 3 ni joto kali, kama baruti ya kusukumia makombora. Almasi yenye 4 ni risasi ndogo ndogo, na moto wake unaweza kupiganwa. Mwongozo wa dharura unaotumika Amerika Kaskazini unataka mita 1,600 kutoka kwenye lori la makundi matatu ya kwanza linalowaka, na mita 500 kwa kundi la 4. Alama zikiwa zimeanguka au hazikubandikwa, chukulia ni kundi la 1.

Kisa cha kujifunza ni cha Camp Doha, Kuwait, 11 Julai 1991, miezi michache baada ya Vita vya Ghuba. Gari la Kimarekani la kubebea makombora, M992, lilikuwa limejaa makombora ya milimita 155 pale hita yake mbovu iliposhika moto saa nne na dakika ishirini asubuhi. Askari walijaribu kuuzima wakashindwa, wakaamriwa kuondoka. Saa tano kamili gari lililipuka, watu wangali wanatoka. Vibomu vidogo vilivyokuwa ndani ya makombora vikatawanyika juu ya magari ya jirani, nayo yalikuwa yamejazwa silaha tayari kwa vita. Milipuko ikaendelea kwa saa nyingi. Magari 102 yaliharibika, vikiwemo vifaru vinne vya M1A1, na askari kadhaa wakajeruhiwa.

Siku hiyo moto haukuua mtu. Vifo vilikuja 23 Julai, askari watatu wakiwa katika kazi ya kusafisha eneo. Hapo kuna makosa mawili tofauti, na la pili ndilo husahaulika. La kwanza ni kuegesha magari yaliyojaa bega kwa bega. La pili ni haraka ya kusafisha. Kombora lililopita motoni bila kulipuka si zima tena: fyuzi yake, yaani kifaa kinacholilipua, inaweza kuwa tayari imeamka, kilipuzi kimeyeyuka na kuganda upya palipo na msuguano. Ni kazi ya wateguzi wa mabomu, na ufagio haugusi pale.

Jua la Somalia linaharibu risasi kweli, au ni maneno ya watunza ghala? – Msomaji, Mombasa

Ni kweli, na zaidi baruti kuliko risasi za bunduki. Baruti ya kusukumia hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo hujichakaa polepole na kutoa gesi ya asidi. Kiwandani huwekewa dawa ya kuinyonya gesi hiyo, mara nyingi difenilamini. Dawa ikiisha, gesi yenyewe inazidisha uchakavu, joto linapanda, na baruti inaweza kujiwasha bila kiberiti. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya uchakavu huwa mara mbili. Kontena la chuma juani hupita nyuzi 60 kwa urahisi. Ukifungua sanduku ukakuta moshi wa rangi ya kahawia au harufu kali ya asidi, litengwe siku hiyo hiyo na mkaguzi aitwe.

Dawa yake ni kivuli na hewa. Masanduku yakae juu ya mbao. Turubai lisiyalalie, liachwe nusu mita juu yake na pande ziwe wazi. Makombora ya moshi ya fosforasi nyeupe yasimamishwe, kitako chini: fosforasi huyeyuka kwenye nyuzi 44, na kombora lililolazwa huganda likiwa limeegemea upande mmoja, halafu likipigwa linayumba.

Kuna hatari nyingine hapo hapo penye mizinga. Mpigaji anapotoa mifuko ya baruti isiyohitajika ili kupiga karibu, mifuko hiyo hurundikana shimoni. Cheche moja inatosha. Iondolewe kila upigaji unapositishwa, ihesabiwe, kisha mtu mwenye idhini aichome mahali pa mbali, ikiwa imetandazwa mstari mwembamba. Usiichome ikiwa lundo.

Risasi zinazorudishwa baada ya doria ziwekwe wapi? – Stoo ya kikosi, Bukavu

Peke yake, mpaka zikaguliwe. Shehena mpya haichanganywi na iliyotikiswa siku kumi ndani ya gari. Fyuzi zilizotegeshwa zirudishwe kwenye hali salama, pini za mabomu ya mkono ziangaliwe moja moja. Fataki zikae mbali na vilipuzi, ghala tofauti. Maganda matupu nayo yapitiwe na watu wawili, maana risasi nzima iliyojificha humo hulipukia mikononi mwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Watoto wameokota kitu cha chuma shambani, kama chupa yenye mapezi. – Mama, Mbagala

Shikamoo mama. Wasikiguse tena, wala kisihamishwe kupelekwa kituoni. Rudini kwa njia mliyoingilia, wekeni alama inayoonekana kwa mbali, mtu mzima azuie wapita njia, polisi waitwe waje hapo. Kama tayari kiko nyumbani, tokeni nje wote mkiache pale kilipo.

Milipuko ya Mbagala ya 29 Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto ya 16 Februari 2011 iliua zaidi ya watu 20 kila mmoja, na makombora yalirushwa hadi kwenye makazi. Miaka haivipunguzii ukali vitu kama hivyo. Kutu huvifanya visitabirike zaidi.