Maswali Yenu: Tunaombaje pesa ya mashine ya maabara ya kutumia wengi?

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mhadhiri msaidizi hapa Mtwara mjini, idarani tupo wanne tunaofanya utafiti. Tunahitaji sana mashine ya HPLC (inatenganisha kemikali zilizomo kwenye sampuli na kuzipima) ya kupimia sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye karanga na korosho, maana sasa hivi sampuli tunazipandisha basi kwenda Dar au Morogoro, majibu yanarudi msimu umeshaisha. Mwaka jana tuliandika andiko la kuomba ruzuku ya vifaa, kurasa 22, mashine tukaielezea kila kitu mpaka bomba lake. Tukakataliwa, wakaandika mstari mmoja tu kwamba haionekani nani mwingine ataitumia. Tulikosea wapi?
Mhadhiri msaidizi, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo mstari msiuchukie, wamewaambia ukweli wote humo. Ruzuku ya kifaa cha pamoja sio ruzuku ya mashine, ni ruzuku ya watumiaji, mashine inafuata. Nyinyi mmeandika kurasa 22 za bomba na pampu alafu watu mmewaweka aya moja, tena nadhani mmeandika "itawanufaisha watafiti wengi wa kusini". Wengi ni wangapi? Nani? Wana sampuli ngapi?

Angalia Marekani wanavyofanya. Taasisi yao ya afya, NIH, ina ruzuku ya vifaa vya pamoja inaitwa S10, na sharti lake ni angalau watafiti watatu wenye miradi inayoendelea ambao kweli watakitumia hicho kifaa. NSF, shirika lao la sayansi, nao wana mpango wa vifaa vikubwa vya utafiti unaitwa MRI, unaanzia dola 100,000 unafika mpaka milioni 4, na wao pia wanauliza nani atatumia, nani ataendesha, nani atatunza. Hizo pesa ni za vyuo vya kwao, sisi hatuombi huko, ila maswali yao ndo haya haya utakayoulizwa popote, iwe COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, kupitia mfuko wake wa MTUSATE, au TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea kule Trieste, Italia, kwahiyo jipime nayo kabla hujaandika hata sentensi moja.

Sasa fanyeni hivi. Wekeni andiko pembeni, mwezi mzima mzunguke. Nendeni TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wale wamekaa na korosho miaka na miaka, waulizeni kwa mwaka wana sampuli ngapi ambazo wangezileta kwenu. Nendeni kwa wenzenu wa vyuo vingine vya Mtwara na Lindi, nendeni kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za karanga na ufuta, ongeeni na wasindikaji. Kila mmoja akupe barua, lakini sio zile barua za "tunaunga mkono juhudi zenu", hizo hazina kazi. Barua iseme sampuli 150 kwa mwaka, miezi gani, kwa ajili ya utafiti gani, na atachangia shingapi kwa sampuli. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5, kwahiyo mwenye mzigo ana sababu ya kutaka majibu ya vipimo mapema na sio wiki sita baadae, muulize aandike hivyo hivyo kwa maneno yake.

Ukishapata hizo barua tengeneza jedwali moja, majina upande huu, saa za mashine upande huu. Hapo utaona kitu ambacho mtu wa Dar hawezi kukuandikia: sampuli za kusini haziji sawasawa mwaka mzima. Karanga na ufuta zinajaa katikati ya mwaka, alafu kuanzia Oktoba korosho inaanza na minada inaanza, foleni inakuwa kubwa. Sema waziwazi miezi hiyo nani anatangulia na kwanini, na miezi iliyolegea mtafundisha wanafunzi. Msomaji wa andiko akiona hivyo anajua hawa watu wameshaishi na hiyo mashine kichwani.

Alafu utunzaji, na hapa naomba unisikilize vizuri maana hili linaniuma mpaka leo. Chuo kimoja nilichofanyia kazi zamani tulipata mashine nzuri kabisa, ikafika, tukapiga picha, miezi minane ikafa pampu. Waranti ilikuwa na masharti ya stabilaiza ambayo hatukuinunua, fundi wa kuitengeneza alitakiwa atoke nchi jirani, nauli yake haikuwa kwenye bajeti, basi ikafunikwa shuka jeupe na wanafunzi wangu wawili wa uzamili wakabadilisha mada. Miaka yao ile hakuna aliyewarudishia. Kwahiyo andikeni stabilaiza na UPS, andikeni kiyoyozi na kipunguza unyevu maana Mtwara hewa ya bahari ina chumvi na inakula vyuma, andikeni kolamu (lile bomba la kutenganishia kemikali) za akiba na methanoli ya daraja la HPLC ambayo hainunuliwi duka la jirani, andikeni sevisi ya miaka mitatu hata mitano. Mfadhili akisema sevisi hailipi, basi makamu mkuu wa chuo aandike barua kwamba chuo kitalipa, na itaje kifungu cha bajeti.

Na tekinishiani! Muwekeni kwenye andiko kama mtu, na asilimia ya muda wake, na mafunzo yake. Mashine ya watu kumi isiyo na mwenyewe wa kila siku inaharibiwa na wote kumi.

Hela ya wachangiaji mkubaliane na uhasibu kabla, maana ikilipwa kwa kontroo namba inaingia kapu kubwa na kuitoa tena kununua kolamu ni safari. Na kwenye sifa za mashine msiandike jina la kampuni, andikeni inachotakiwa kufanya, manunuzi yatapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na huko jina moja tu linarudisha kila kitu nyuma.

SWALI: Mama shikamoo, mi nasoma uzamili, nipo Lindi. Mashine ya PCR, ile ya kuzidisha DNA ili ipimike, tunayo idarani, ilikuja kwa ruzuku, ila ufunguo anao mkubwa mmoja na kila nikiomba naambiwa njoo wiki ijayo. Nafanya mnyauko wa mikorosho na majani yangu yanaharibika kwenye friza. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Lindi

JIBU: Marahaba. Pole sana mwanangu, na usiende kugombana. Nenda ofisi ya utafiti ya chuo, omba kuona andiko lililoleta hiyo mashine, karibu kila ruzuku ya namna hiyo ina ukurasa wa ahadi ya nani ataitumia na kwa utaratibu gani. Upige chapa. Alafu wewe na msimamizi wako, sio wewe peke yako, mwendeeni huyo mkubwa kwa heshima na pendekezo lililoandikwa tayari: daftari la zamu mlangoni, Jumanne na Alhamisi za wanafunzi, ufunguo wa pili kwa tekinishiani, na wewe ujitolee kulisimamia hilo daftari miezi mitatu ya kwanza. Wengi wanaofungia mashine wanaogopa itaharibika mikononi mwa watu wasiojua, kwahiyo omba akufundishe yeye mwenyewe siku moja. Wakati unasubiri toa DNA ya hayo majani sasa hivi, ikiwa safi inakaa vizuri kwenye friza kuliko jani, usiache umeme ukukatikie ukiwa bado na majani.