Mkuu, usifungue kundi la WhatsApp kabla hujawa na orodha

Simama hapo hapo. Mleta mada anasema darasa lao linatimiza miaka 25 tangu wahitimu, walikuwa 140, ana namba 61 kwenye simu, na Jumamosi anafungua kundi la WhatsApp awaingize wote kwa mpigo. Anauliza ujumbe wa kuwakaribisha uweje, wakutane mwezi gani, na kama wachangie zawadi ya chuo. Kisha mjuzi mmoja pale juu kamjibu: "Wewe weka wote, wengine watajileta wenyewe."

Hawajileti! Sijui ushauri huu ulianzia wapi, ila wanaoutoa ni watu ambao hawajawahi kuwa makatibu wa kitu chochote, hata cha kukusanya hela ya shada la maua.

Kundi si orodha. Kundi linakuonyesha waliomo, na wasiokuwemo haliwajui kabisa. Ukiona 61 wanapiga soga na kutupiana picha za zamani, unaridhika kwamba darasa limekusanyika, na wale 79 wanageuka "wale wasiopatikana" kabla mtu yeyote hajawatafuta. Mwaka ukipita, ukiambiwa uwataje kwa majina, utafika ishirini na kitu ukwame. Hapo ndipo watu hupotezana moja kwa moja, na hutokea bila ugomvi, ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Hata hao 61 si wako. Akaunti ya WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu. Isipotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na ikifutwa mwenyewe anatolewa kwenye makundi yote. Mtu akibadili laini asipitie ile sehemu ya "Badilisha namba" kwenye mipangilio, anaanza upya akiwa nje ya kundi, na ninyi mnadhani bado mnamsemesha. Namba iliyokufa nayo kampuni ya simu humpa mteja mwingine baada ya muda. Unapiga kumpa mwenzako pole ya msiba, anapokea kijana anakuuliza wewe nani. Aliyejitoa kundini unaweza kumwona kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60 tu. Zikipita hizo, ni kama hakuwahi kuingia. Na admini akiwa mmoja halafu akatoka, programu inamteua mwingine yenyewe, bila kuuliza. Usishangae mamlaka yakiangukia kwa yule anayesambaza ujumbe wa "tuma kwa watu kumi" saa kumi alfajiri.

Watu wanajitoa kwa sababu gani? Siasa huwaudhi, lakini kinachowafukuza ni michango. Mnafungua kundi la kusalimiana, wiki ya tatu inapachikwa orodha: fulani tiki, fulani tiki, fulani "bado". Huyo "bado" labda kaachishwa kazi mwezi uliopita. Hatajieleza mbele ya watu aliosoma nao wakimwita kichwa cha darasa. Atatoka usiku kimya kimya, na huyo ndiye hasa aliyehitaji wenzake. Najua mtasema nina uchungu binafsi na hili. Ninao. Tuendelee.

Orodha kwanza, kundi baadaye. Usianze na simu yako, maana simu yako ina marafiki zako tu. Anza na kijitabu cha mahafali au tangazo la matokeo, uandike majina yote 140, hata ya wale mliokuwa hamsalimiani. Kisha ongeza ambao kijitabu hakina: waliorudia mwaka, waliohama kozi, walioacha njiani kwa ada au ugonjwa. Hao huachwa kila mara, na wengi wao mlikaa nao chumba kimoja mwaka mzima. Kijitabu kikikosekana, iulizeni ofisi ya usajili ya chuo.

Kila mtu ana mstari wake: jina la chuoni kama lilivyoandikwa, jina analotumia sasa (walioolewa wakabadili jina la ukoo ndio wagumu kupatikana mtandaoni), jina la utani, kozi, bweni, namba mbili, barua pepe, mji, na tarehe mliyohakikisha mara ya mwisho kwamba namba inafanya kazi. Tarehe hiyo usiiache. Namba isiyo na tarehe huwezi kujua ni ya mwaka huu au ya miaka tisa iliyopita.

Halafu safu ambayo kila mtu huiona ya ziada: ndugu mmoja asiye mwenzi wake, na namba ya huyo ndugu. Mwenzi huweza kuondoka pamoja na namba, na wazazi kwa umri wenu wengi wametangulia. Chukua mdogo wake au mtoto wake mkubwa. Siku simu ya mwenzenu ikizimika, huyo ndiye atakayewaambia kama kahama, kalazwa au kafariki. Aliyefariki msimfute. Mwekeeni alama na mwaka, la sivyo katibu mpya atampigia mjane kuuliza mbona marehemu hajajibu.

Ukitumia Excel, safu ya namba ifanye maandishi kabla hujajaza chochote. Usipofanya hivyo, sifuri ya mwanzo inaliwa, na namba ndefu yenye msimbo wa nchi mwanzoni, ya tarakimu 12, inajionyesha kama hesabu za maabara, na E+11 mwishoni. Jambo baya zaidi ni kupanga kwa alfabeti huku umechagua safu ya majina peke yake. Majina yanahama, namba zinabaki palepale, kila mtu anarithi simu ya mwingine. Ukishahifadhi na kufunga, huna pa kurudi kama huna nakala. Kwa hiyo nakala ziwe tatu, kwa watu watatu, na moja iwe imechapwa kwenye karatasi.

Faili likikaa kwenye akaunti ya barua pepe ya darasa, watu wawili wajue nywila na waingie angalau mara moja kila baada ya miezi sita. Google hujipa haki ya kufuta akaunti isiyotumika miaka miwili, na Yahoo miezi 12. Anayesema mtandao hautupi kitu akumbushwe Yahoo Groups, yale makundi ya barua pepe ya Yahoo, kulikokuwa na barua na picha za madarasa chungu nzima: Desemba 2019 walianza kufuta yaliyohifadhiwa humo, na tarehe 15 Desemba 2020 wakafunga kabisa. Orkut, mtandao wa kijamii wa Google, ilikuwa imeshazikwa Septemba 2014. Msishangae zamu ya hawa wa sasa ikifika.

Kuwatafuta wale 79, usitupe swali la "nani anajua walipo wengine?" Swali la wote halijibiwi na mtu. Mfuate mmoja mmoja, mpe majina matatu tu, ya waliokaa naye bweni au waliofanya naye mradi: "Unaweza kunipatia namba ya yeyote kati ya hawa?" Majina matatu mtu anayashughulikia jioni hiyo hiyo. Mawakili, madaktari na wahandisi mara nyingi wapo kwenye daftari za bodi zao za taaluma, na LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, inakuruhusu kuchuja watu kwa chuo walichosoma.

Kundi? Sawa, lifungue orodha ikishafika watu mia hivi. Muulize kila mtu kwanza, maana ukimwingiza namba yake inaonekana na wote, na wapo wenye sababu zao za kutotaka. Aliyezuia kwenye mipangilio yake asiingizwe makundini hataingia ila kwa mwaliko, na mwaliko unaisha baada ya siku tatu, kwa hiyo mpigie simu siku unapoutuma. Maadmini wawe watatu. Matangazo yakae kwenye kundi ambalo maadmini peke yao wanaandika, soga kwingine, na michango isitajwe humo kwa majina: mweka hazina azungumze na kila mtu pembeni.

Ukaguzi ni mara moja kwa mwaka, mwezi ule ule. Kwa majina 140 tafuta watu kumi, kila mmoja majina 14, wapige simu, wasitume ujumbe. Asiyepokea mara tatu, apigiwe ndugu yake. Katibu asiwe yule maarufu aliyekuwa rais wa wanafunzi. Awe yule ambaye ukimtumia ujumbe anajibu.

Ujumbe wa kukaribisha uwe sentensi mbili. Mwezi wa kukutana na zawadi ya chuo sijavigusa, watakujibu wengine, ila ukumbi wa watu wangapi utautafuta wakati hujui wangapi wako hai?