Kabla hujauza kiwanja ununue mtambo wa hewa ya ukaa

Shemeji yangu ana mashine mbili za kukamua alizeti Singida. Mwezi uliopita aliona video ya mtambo wa kutoa mafuta kwa hewa ya ukaa: mtungi wa chuma unaong'aa, mafuta yanadondoka masafi kama asali, akanipigia: "Shemeji, nauza kiwanja." Nikamwomba asubiri. Mtambo wa aina hiyo nimeushika kwa mikono yangu, maabara, nikitoa mafuta ya habasoda.

Hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) ikivuka nyuzi joto 31 na presha ya baa 74 (baa ya vipimo, si ile ya bia), inakuwa si gesi tena wala si kimiminika. Inapenya ndani ya mbegu kama hewa, na mafuta yanayeyuka humo kama kwenye petroli. Ukishusha presha inarudi kuwa gesi na kujiondokea, mafuta yanabaki. Hakuna heksani, kile kiyeyushi cha jamii ya petroli cha viwandani, ya kuchemsha, na ule ute unaosumbua kwenye mafuta ghafi unabaki karibu wote kwenye mashudu.

Ila baa 74 ni mlangoni tu. Kwa mafuta ya mbegu tulikuwa tunapanda hadi baa 300 au 400, na hata hapo kilo moja ya mafuta inataka ipitishiwe kama kilo 100 za hewa ya ukaa. Viwanda huikusanya na kuizungusha tena. Ukiuziwa mtambo usiozungusha, hela yako yote itaishia kwa muuza mitungi.

Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye kusaga. Nilijua unga laini ndio utatoa mafuta mengi, nikasaga habasoda ikawa kama sembe, nikaishindilia. Mafuta yalitoka kidogo, yakakata. Nilipofungua nikakuta bonge gumu kama udongo wa mfinyanzi, limetoboka ujia mmoja pembeni, mwembamba kama kidole. Kandokando ya ujia unga ulikuwa mkavu, mweupe kidogo. Kwingine kote bado unang'aa mafuta. Gesi ilijitafutia njia ya mkato, na mimi saa tatu nzima naangalia geji nikidhani kazi inaendelea! Siku hizi nasaga chenga, chini kidogo ya milimita moja, sishindilii, na mbegu yenye unyevu naianika kwanza.

Maji yakizidi hutoka pamoja na mafuta, yakaganda kwenye vali. Pale presha inaposhuka baridi yake si ya mchezo; nimewahi kusimama na birika la maji ya uvuguvugu nikiimwagia vali kama namwogesha mtoto. Muulize muuzaji kama vali ina hita. Muulize pia gesi inapozwaje kabla ya pampu, kwa sababu Dar ya Februari mtungi wa gesi unavuka nyuzi 31 ukiwa umesimama tu, na pampu isiyopata kimiminika cha baridi haisukumi kitu. Chumba kiwe na hewa ya kutosha na king'ora cha gesi. Hii gesi haina harufu, ni nzito kuliko hewa, inatuama chini.

Sasa alizeti. Mashine ya shemeji inalishwa mbegu mchana kutwa. Mtungi wa baa 400 unajaza, unafunga, unasubiri, unafungua, unazoa mashudu, unaanza upya, na chuma chake ni ghali. Mafuta ya kukaangia mandazi hayawezi kulipa gharama hiyo. Habasoda inaweza, kwa sababu inauzwa kwa vichupa, na ukianzia presha ya chini, kama baa 100 na kidogo, unapata kwanza yale mafuta yenye harufu kali. Ukipandisha yanafuata mazito. Mbegu moja, bidhaa mbili. Mafuta ya ubuyu ya vipodozi nayo ningeyafikiria.

Kiwanja hajauza. Jana kaniambia ananitumia kilo mbili za mbegu za ubuyu kwa basi, nizijaribu. Nimemwambia azianike kwanza.