Kwetu ukutani kuna saa mbili

Swali la wiki hii limeuliza, kitu gani ni cha kawaida kabisa nyumbani kwenu ila mgeni akiingia lazima akiulizie? Nimecheka hata kabla sijamaliza kulisoma. Kwetu ni saa. Tunakaa Gungu hapa Kigoma, na sebuleni juu ya kochi kuna saa mbili za plastiki zimepangana kama mapacha, moja iko nyuma ya mwenzie lisaa limoja. Kila mgeni, awe wa kanisani awe fundi bomba, akishakaa na kunywa maji anaanza kuzikodolea macho, alafu anasema kwa upole, mama mchungaji, hii ya kushoto nadhani betri imeisha. Haijaisha. Hiyo ni saa ya Burundi.

Baba watoto ni mmisionari. Najua ukisikia hilo neno unamuona mzungu na Landrover yake, hata hapa kwetu ni hivohivo. Mwanangu wa kati alienda na shule kule Ujiji kwenye makumbusho, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, mwalimu akauliza nani anajua mmisionari ni mtu wa namna gani, mwanangu akanyoosha mkono akasema ni kama baba, darasa zima likaangua kicheko maana baba yake wanamjua, ndo yule mweusi tii wa pikipiki yenye matope anayeonekana mara moja kwa mwezi. Akarudi nyumbani amenuna, chakula cha mchana hakugusa. Ila ndo kweli, kanisa letu lilimtuma kuhudumu Nyanza-Lac, upande wa kusini wa Burundi, na hiyo ni kazi yake mpaka leo.

Sasa hizo saa. Tanzania nzima tunatumia saa moja, watu wa Dar na sisi wa mwisho wa reli, kwahiyo huku jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi na watoto wanaenda shule giza giza. Ng'ambo pale jua ni lilelile na linachomoza dakika zilezile, ila saa zao zinasoma karibu na saa kumi na mbili. Kwa maoni yangu wao ndo wamepatia, ila msinipeleke popote kwa kusema hivo. Shida inakuja kwenye simu. Ukikaribia mpaka simu inadaka mtandao wa upande wa pili na kujibadilisha saa yenyewe bila kukuuliza, na baba watoto alishawahi kulala Manyovu, mpakani upande wetu, alamu ikamuamsha lisaa limoja baadae, gari la kwanza la kuja mjini likamuacha akabaki anatetemeka na lile baridi la milimani. Tangu siku hiyo simu siiamini. Naamini ukuta.

Nao ukuta uliwahi kuniangusha. Kuna kijana wa kwaya alikuja kutufungia king'amuzi jumamosi, kijana ana adabu zake, akaona saa iko nyuma, akapanda kwenye stuli akairekebisha bila kusema, nadhani alitaka iwe zawadi. Kesho yake nimetoka ibadani naangalia saa ya kushoto inasema saa saba na nusu, nikajua kule wameshatawanyika, nikapiga. Kumbe kule ni saa sita na nusu na mwenzangu yuko madhabahuni anaombea wagonjwa, na biblia anasomea kwenye hiyohiyo simu, na muito wake ni sauti ya kitinda mimba wetu anaimba wimbo wa sunday school kwa kupayuka. Kanisa zima lilisikiliza ubeti wa kwanza wote. Aliniambia kuna mgonjwa mmoja alicheka mpaka akasema amepata nafuu, sijui kama alikuwa ananituliza tu.

Tulivuka kwenda kule mwaka 2010, mkubwa akiwa na miaka miwili mgongoni. Watu waliniuliza Kirundi utakiweza? Mimi ni Muha wa Kasulu, Kiha na Kirundi ni ndugu, wiki ya kwanza tu sokoni nilikuwa nabishania bei, isipokuwa kila nikifungua mdomo wanajua nimetoka Buha na bei inapanda. Ila kanisani Kirundi hakikuhitajika sana, na hili ndo wengi hawalijui. Waumini wetu wengi walikuwa wale waliorudi. Wazazi wao walikimbia mauaji ya mwaka 1972, wakaishi Ulyankulu kule Tabora, wengine Katumba na Mishamo, watoto wakazaliwa na kuzeeka Tanzania, na kuanzia 2008 wengi wakarejeshwa. Kwahiyo unakuta mtu wa miaka thelathini na tano anaambiwa karibu kwenu na yeye kwao hakujui, Kifaransa hajui, Kirundi chake kina Kiswahili ndani, anaimba pambio za Tabora. Mzee wetu mmoja wa kanisa aliondoka kijana akarudi na mvi, akakuta kwenye shamba la baba yake michikichi imekua na inavunwa na familia nyingine ambayo nayo imezaa na kuzika palepale. Utamwambia nani aondoke? Baba watoto alitumwa kuhubiri lakini nikipiga hesabu, muda mwingi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtu uani katikati ya familia mbili zisizosalimiana, anasikiliza tu. Wakati mwingine walielewana wakagawana. Wakati mwingine alirudi saa mbili usiku anakula kimyakimya na mimi siulizi.

Alafu ikaja 2015. Mwezi wa nne uchaguzi ulipoanza kunuka na vijana kuanza kutishia watu, sisi tulifungasha tukavuka pale Mugina mchana kweupe, pasi za Tanzania mkononi, tukagongewa mihuri tukaingia Manyovu tukanunua chai. Hilo sijawahi kulisema kwa urahisi. Waliobaki hawakuwa na pasi ya kuonyesha mtu. Mwezi uliofuata walijazana Kagunga, kijiji chetu cha mpakani kabisa, nyuma mlima mbele ziwa, maelfu ya watu, kipindupindu kikaingia, na ikabidi Liemba, ile meli ya tangu enzi za Mjerumani, iwe inaenda na kurudi kuwaleta Kigoma. Walikuwa wanapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tulienda akina mama wa kanisani kusaidia tulipoelekezwa, na pale kwenye foleni nikamuona mke wa shemasi wetu, amekonda, mtoto mgongoni, hana hata begi. Hakunisalimia. Alifungua fundo la kitenge akatoa funguo ya kanisa akanipa, akasema mama, niliifunga vizuri.

Ile funguo niliitundika sebuleni kwenye msumari, kushoto kwa saa. Ikakaa hapo miaka mitatu. Muda huo baba watoto akawa anaenda Nyarugusu kwa kibali kuwatembelea watu walewale aliokuwa anawafuata Burundi, akawa anatania kwamba yeye ni mmisionari aliyefuatwa nyumbani na kanisa lake. 2018 wengine walishaanza kurudi, kanisa likamwambia na yeye arudi, akaichukua funguo akaenda nayo. Kufuli walishabadilisha zamani! Aliniambia kwa simu nikacheka hadi machozi, au sijui nilianza na kipi. Msumari ukabaki mtupu, nao unaudhi kuuangalia, nikaenda Mwanga sokoni nikanunua saa ya pili.

Safari hii mimi na watoto tulibaki. Sababu ni shule, hamna siri. Mkubwa alianza darasa la kwanza kule, Kirundi na Kifaransa cha kukariri, tulivyorudi hapa akapimwa wakamrudisha mwanzo kabisa, mtoto analia kwamba yeye anajua kuhesabu, na kweli anajua, ila anahesabu Kifaransa. Sasa yuko kidato cha tatu na anajifanya amesahau yote, ila akigombana na mdogo wake Kirundi kinatoka chenyewe. Sikutaka kuwapitisha wengine humo. Wapo mama zangu kanisani wanaoona nimemuacha mume peke yake, mmoja alinikalisha kabisa. Nilimsikiliza nikasema ahsante mama.

Kwahiyo maisha ni ya mbilimbili. Laini mbili, pochi mbili, ya shilingi na ya faranga, ukichanganya unamtolea konda wa Mwandiga noti ya Burundi anakuangalia kama tapeli. Yeye akivuka geti anahamia kuendesha kulia, akirudi anahamia kushoto, na nusu saa ya kwanza nakuwa naomba tu. Miaka hii kule mafuta ya petroli yanaadimika vibaya, kuna miezi pikipiki inalala anatembelea waumini kwa miguu, kiuno kimepungua hata suruali nimezipunguza mimi. Na akirudi lazima tugombane kuhusu samaki. Sisi tunaita mgebuka, wao mukeke, samaki huyohuyo wa ziwa hilohilo, na yeye sasa anadai eti wa kule mtamu zaidi. Muha mzima anasema hivo mezani kwangu na mawese ya kwangu.

Watu pia wanadhani tuna biashara. Wamama wawili watatu walishaniomba nikienda likizo niwabebee vitenge vya kuuza, eti mke wa mchungaji hakaguliwi. Nakaguliwa sana tu. Na kama ningekuwa sikaguliwi ndo kabisa nisingebeba.

Jumapili tunajua akisimama kuhubiri saa nne yake sisi ni saa tano, tuko kanisani kwetu, kitinda mimba ananivuta gauni ananinong'oneza, baba ameanza. Huyu ndo amezaliwa saa zikiwa tayari mbili ukutani, kwake hazina ajabu yoyote. Wiki iliyopita mwalimu wake wa darasa la kwanza ameniita, wamejifunza kusoma saa, amechorewa picha tano za saa kwenye daftari aandike ni saa ngapi, na kila moja kaandika majibu mawili. Saa nne, kwa baba saa tatu. Saa nane, kwa baba saa saba. Mwalimu kanionyesha daftari hajui acheke au anikaripie, kila swali kampa nusu maksi. Nilitaka kumtetea ila nikaona mwalimu ana haki yake.