Uaminifu, imani au kuaminiana? Jibu kwa msimamizi wa mchezo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu hucheza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ambayo kila mchezaji ana mhusika wake na msimamizi ndiye anayesimulia ulimwengu wote unaowazunguka. Tunaandika kanuni zetu kwa Kiswahili. Mimi ndiye msimamizi, na nimeanza hivi: "Msingi wa mchezo huu ni uaminifu kati ya wachezaji na msimamizi." Mwenzangu mmoja anasema hapo panataka "imani", mwingine anashikilia "kuaminiana". Nani yuko sahihi? Na tuseme "kumwamini msimamizi" au "kuamini katika msimamizi"?

JIBU: Marahaba. Aliyesema "kuaminiana" ndiye aliyekaribia, ila msiyatupe hayo mengine mawili, maana kanuni zenu zitayahitaji mahali pengine.

Maneno yote matatu ni ya ukoo mmoja, ule wa Kiarabu uliotupa pia amana na muumini, na ndiyo sababu yanakanyagana. Uaminifu ni sifa ya mtu: hadanganyi, haibi, hageuki. Anaweza kuwa nao hata kama hakuna anayemsadiki. Imani, kwa maana mnayoitafuta, haiko kwa yule anayeaminiwa. Iko kwa anayeamini. Mimi nikisema "nina imani na msimamizi wetu", nimeeleza hali yangu mimi, wala sijathibitisha lolote kuhusu yeye.

Mchezo wenu unaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mfano wowote wa darasani. Msimamizi yuko nyuma ya kile kizuizi cha kadibodi kinachowaficha wachezaji dadu zake, anarusha dadu ya pande 20. Inaangukia 20, na maana yake mhusika wa mchezaji mgeni afe kabla hata mgeni huyo hajazoea jina lake. Msimamizi anatazama, anameza mate, anatangaza: "Kumi na moja." Je, alikuwa mwaminifu? Hapana, kasema uongo. Lakini ziko meza ambazo wachezaji wote wanajua kwamba mambo hayo hutokea nyuma ya kizuizi, na bado wanamwachia hadithi mikononi mwake bila wasiwasi. Uaminifu umepungua, imani haijatikisika. Geuza sasa. Yuko msimamizi anayerusha kila dadu hadharani na hajawahi kupindisha namba hata moja, lakini kila mlango anaoutaja una mtego, na kila rafiki wa wahusika huishia kuwasaliti. Huyo ni mwaminifu asiye na doa, na hakuna anayemwamini. Wachezaji wake hutembea na fimbo ya kugongea sakafu. Kama kupindisha dadu ni halali au haramu, wachezaji wamebishana miaka mingi na si kazi yangu kuamua. Kinachonihusu ni kwamba mkiandika "uaminifu" peke yake, msimamizi wa kwanza amevunja kanuni na wa pili ameitimiza. Sidhani kama ndivyo mlivyokusudia.

Tena kuna hatari ya masikio. "Kukosa uaminifu" katika mazungumzo ya kawaida ni shutuma nzito. Msikilizaji hufikiria wizi au ndoa iliyoingiliwa. Kanuni ikisema "mchezaji akiona ukosefu wa uaminifu aseme", mtu aliyetaka tu kulalamika kwamba uamuzi fulani haukueleweka atanyamaza, kwa kuogopa kumwita mwenzake mwizi. "Sina imani na uamuzi huu" ni lugha pole zaidi. Hata bungeni, kura inayopigwa ni ya kutokuwa na imani. Hakuna anayeiita kura ya kukosa uaminifu.

Imani nayo ina mtego wake. Maana yake nyingine ni huruma, kwa hiyo "msimamizi asiye na imani" anaweza kusomwa kuwa ni katili. (Kwa wasimamizi wengine sentensi itakuwa kweli kwa maana zote mbili.) Andikeni "imani na" fulani, mtaje ni nani, na utata utaondoka.

Kwa nini basi nimeegemea kuaminiana? Kwa sababu kiambishi -ana kinadai pande mbili, na mezani kwenu pande mbili zipo. Ni rahisi kudhani kwamba wachezaji ndio pekee wanaoamini na msimamizi ndiye pekee anayeaminiwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye siri. Lakini naye huwaamini: kwamba hawatasoma mapema kisa alichoandaa, kwamba namba wanayoitaja ndiyo iliyoonekana, kwamba mhusika wa mmoja hatakuwa kisingizio cha kumnyanyasa mwingine. Chukua kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Mchezaji akiigusa, jambo linalosimuliwa huondolewa na haulizwi sababu. Anayeigusa anaamini hatahojiwa. Wengine wanaamini hakuigusa ili kukwepa kushindwa. Ukiondoa upande mmoja, imebaki karatasi.

Sarufi yake ni nyepesi. Kuaminiana likitumika kama nomino huchukua upatanisho wa KU: "kuaminiana kwetu kumejengeka polepole". Na kwa kuwa -ana imeshabeba uhusiano, "kuaminiana kati ya" inarudia jambo. Si kosa la kumkatia mtu alama, lakini "kuaminiana kwa wachezaji na msimamizi" ni safi zaidi.

Jiulizeni pia: kumwamini kwa lipi? Katika toleo la kwanza la Dungeons & Dragons, la mwaka 1974, anayeendesha mchezo aliitwa refa. Vampire: The Masquerade, mwaka 1991, ikamwita msimulizi. Refa huaminiwa kwa haki: sheria ya jana iwe ya leo. Msimulizi huaminiwa kwamba anajua hadithi inakokwenda, au walau anajua kulificha jambo hilo asipojua. Kwa haki na uthabiti, neno lenu ni kuaminika: "maamuzi yake yanaaminika". Kwa umahiri, vijana wameshatatua wenyewe. Wanasema "nakuaminia", yaani nakukubali, najua utaiweza. Sipendekezi liingie kwenye kanuni, ila lisikike mezani.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Msingi wa mchezo huu ni kuaminiana kwa wachezaji na msimamizi." Kisha mistari miwili chini yake, kila neno na kazi yake: "Msimamizi atakuwa mwaminifu kuhusu aina ya mchezo na mambo magumu yatakayojitokeza, na atayaeleza kabla ya kuanza. Mchezaji aliyepoteza imani na uamuzi atasema, na hatachukuliwa kuwa mkorofi." Hapo uaminifu umepewa mtu na jambo lake, na imani imepewa ruhusa ya kupungua.

"Kuamini katika msimamizi" iacheni. Kiswahili kina kiambishi cha mtendwa, kitumieni: namwamini, tunamwamini, wanakuamini. "Katika" hapo imeletwa na tafsiri, na kwa binadamu aliyekaa mbele yenu na dadu mkononi inasikika kama mnamwabudu. Na ni namwamini, kwa w. "Namuamini" mtaikuta kila mahali, lakini mu- ikikutana na irabu a huwa mw-, kama katika namwambia na namwacha.