Kabla ya Kununua Lenzi, Jiulize Utasimama Wapi

Vijana wanaoanza kazi ya picha huniuliza swali moja kila wakati: "Kaka, nina kamera na lenzi yake ya 18-55, nimeweka akiba kidogo, sasa ninunue lenzi gani?" Nami huwauliza: unapiga nini, na ukiwa kazini unasimama wapi? Swali la kwanza wanalijibu haraka. La pili linawapa kazi, kwa sababu walitarajia nitaje milimita (zile namba kama 18-55: ndogo huona pana, kubwa huvuta mbali) na bei tu.

Mimi hupiga harusi Dar es Salaam na ukanda wa pwani, na mara mojamoja kazi hunipeleka mbugani. Kwa uzoefu wangu, mahali unaporuhusiwa au unapoweza kusimama ndipo panapochagua lenzi. Mwanga unafuata. Bei inakuja mwisho kabisa, na mara nyingi lenzi ya bei nafuu iliyochaguliwa vizuri huipita ya gharama isiyoendana na kazi.

Chukua mfano wa chumba cha hoteli anamopambwa bibi harusi. Kuna kitanda, meza ya vipodozi, mpambaji, shangazi, wasimamizi na masanduku. Nafasi yako ya kurudi nyuma ni kama mita tatu. Ukiwa na kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha), ambazo ndizo wengi wetu tunaanza nazo, lenzi ya 85mm inahitaji mita saba hivi ili mtu mzima aliyesimama aenee kwenye fremu ya wima. Ya 50mm inataka mita nne na ushee. Ya 35mm inataka mita tatu. Kwa hiyo kwenye chumba kile 85mm uliyosifiwa itakupa nyusi, hereni na mikono yenye hina, picha nzuri kabisa, lakini gauni zima hulipati hata ukijibana ukutani.

Hesabu hiyo inatokana na ukubwa wa sensa. Sensa kubwa ina upana wa milimita 36 kwa 24. Zile ndogo za Nikon, Sony na Fujifilm hukata picha kwa kiasi cha mara 1.5, na za Canon mara 1.6. Ndiyo maana 50mm kwenye Canon ya sensa ndogo inaona kama 80mm ingeona kwenye sensa kubwa. Ukisoma ushauri wa mtu kwenye mtandao, angalia kwanza anatumia sensa gani, maana anaposema 35mm ndiyo lenzi ya kila siku, kwako wewe lenzi hiyo huenda ni 24mm.

Umbali una jambo jingine ambalo wateja hulihisi bila kulijua. Ukimsogelea mtu kwa chini ya mita moja ukiwa na lenzi pana, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Lenzi yenyewe haina kosa. Ni kwamba pua iko karibu nawe mno kulinganisha na masikio. Rudi mita mbili au tatu, kisha chagua lenzi itakayojaza uso kutoka hapo, na sura inakaa kama watu wake wanavyoijua. Nimeona picha za bibi harusi mwenye uso mzuri uliopotoshwa, na familia nzima inasema "hajatoka vizuri", kumbe aliyekuwa karibu mno ni mpiga picha.

Kwa hiyo anayeanza na sensa ndogo namwambia anunue 35mm yenye tundu la f/1.8 au f/2 kwanza (tundu ni uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kisha 50mm ya f/1.8. Najua wengi wanashauri 50mm iwe ya kwanza kwa sababu ni rahisi kuliko zote, na kwa picha za sura ni lenzi ya ajabu. Lakini nyumba zetu, vyumba vyetu na kumbi za kawaida zina msongamano, na 35mm itafanya kazi pale ambapo 50mm itakufungia mlangoni.

Hizo f/1.8 si urembo. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Kwenye ukumbi wenye taa za zambarau na mishumaa, hiyo ndiyo tofauti kati ya ISO (kiasi kamera inachoongeza nguvu ya mwanga hafifu) 12800 yenye chengachenga na ISO 1600 iliyo safi kwa kuchapisha albamu. Ila usiache tundu wazi muda wote. Picha ya ukoo mzima uliopangwa safu tatu ikipigwa kwa f/1.8, safu ya mbele itakuwa kali na babu aliyesimama nyuma atafifia. Kwa safu namna hiyo mimi huenda f/5.6 au f/8, na sitaki lenzi pana sana, kwa sababu wanaosimama pembeni hunyooshwa wakaonekana wanene kuliko walivyo. Narudi nyuma, natumia kati ya 35 na 50 kwenye sensa kubwa, kisha naomba watu wasogeane.

Kanisani mambo hubadilika kabisa. Padri au mchungaji anaweza kukwambia usivuke mstari fulani, na flashi usiiwashe wakati wa kiapo. Hapo umbali umeamuliwa na mwingine, na lenzi inayokuokoa ni 70-200mm ya f/2.8, au 85mm ya f/1.8 kama mfuko hauruhusu. Fika mapema, zungumza naye kabla ya ibada, uliza unaruhusiwa kusimama wapi na nani atakwenda wapi. Kwenye nikaha msikitini ni kinyume: watu wameketi chini, wamekaribiana, na ukisimama unawaziba wazee walio nyuma yako. Keti nao, tumia 35mm, piga mkono unaposhikwa wakati wa ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuozesha na kukubali. Na kwa sherehe za wanawake za pwani, singo au kupamba, kazi hiyo ni ya dada zetu wapiga picha. Kama wewe ni mwanamume, mpe mwenzako wa kike kazi hiyo na vifaa vyako, na yeye apewe malipo yake na jina lake kwenye albamu.

Sasa flashi, ambayo naona inatumika vibaya kuliko kifaa kingine chochote. Wengi wanaielekeza usoni moja kwa moja. Ngozi inang'aa kwenye paji, nyuma panakuwa giza totoro, na mapambo yaliyolipiwa mamilioni hayaonekani. Ukiigeuza ipige dari jeupe, dari lote linakuwa taa kubwa laini. Lakini angalia hilo dari. Kumbi zetu nyingi hufunikwa vitambaa vya mapambo, na kitambaa cha waridi kitarudisha mwanga wa waridi kwenye ngozi na kwenye gauni jeupe. Hemani ni hivyo hivyo. Hapo nahamishia flashi kwenye stendi pembeni, nikiiwasha kwa triga ya redio, na mbele yake mwavuli mweupe au softiboksi ndogo (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga). Stendi hiyo lazima iwe na mfuko wa mchanga miguuni, au kijana wa kuishika. Watoto wanakimbia, wamama wanacheza kwenda kutunza, na flashi ikimwangukia mtu hakuna picha itakayofidia.

Taa za ukumbini nazo zina tabia. Umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za dari hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipiga kwa kasi ya 1/500 (yaani shata, pazia la kamera, linafunguka kwa sehemu hiyo ya sekunde) unaweza kupata mistari ya giza au rangi inayobadilika kutoka picha hadi picha. Rudi 1/100, au 1/50 kama watu wametulia. Taa za jukwaani na skrini za LED zina mwendo wao tofauti, hizo zijaribu kabla wageni hawajaingia.

Kwa ngozi zetu na shela jeupe, usikiamini kipimo cha kamera peke yake. Kimetengenezwa kitake kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi mweusi unapoteza umbo lake lote. Pima usoni, kisha hakikisha tu gauni halijaungua likapoteza nyuzi zake. Kiakisi cheupe cha kukunja, kinachoshikwa chini ya kifua, hufanya maajabu mchana kwenye kivuli cha mwembe. Ni kifaa cha bei ndogo na sijawahi kuona kazi ya nje ambayo hakikusaidia.

Ufukweni, iwe Bagamoyo, Kigamboni au Nungwi, adui ni jua la saa sita. Kama unaweza kuhamisha picha ziwe saa kumi na moja jioni, hamisha. Kama huwezi, filta ya polaraiza huondoa mng'ao juu ya maji na kuirudishia bahari rangi yake. Inafanya kazi vizuri zaidi jua likiwa ubavuni mwako, na inakula hatua moja hadi mbili za mwanga (kila hatua ni nusu ya mwanga uliopo). Kwenye lenzi pana sana itakupa anga lenye kiraka cha bluu nzito upande mmoja, basi ivue. Wanaopiga video wanahitaji filta nyingine, ile nyeusi ya kupunguza mwanga. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata inatakiwa iwe 1/50 ili miondoko iwe laini. Kwa jua kali na ISO 100 hiyo inakulazimisha kufunga tundu hadi f/22. Ukitaka kubaki f/2.8 ili mandhari ya nyuma ififie, filta inayokata hatua sita, ile inayoandikwa ND64, ndiyo inayokurudisha hapo. Ukitoka ufukweni futa bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo.

Mbugani, barabara ndiyo inayokupangia umbali. Kwenye kreta ya Ngorongoro gari haliruhusiwi kuacha njia, kwa hiyo simba akilala mita mia kutoka barabarani, atabaki mita mia. Lenzi ya 100-400mm kwenye sensa ndogo inatosha kwa mengi, na hapo sensa ndogo inageuka kuwa faida. Tripodi garini ni usumbufu. Chukua mfuko wa kitambaa mtupu, ujaze mchele au maharage ukifika, uweke kwenye ukingo wa dirisha au wa paa, laza lenzi juu yake, na umwombe dereva azime injini, kwa sababu mtetemo wa injini huharibu picha za lenzi ndefu. Mnyama anayekimbia anataka 1/1000 au zaidi, ndege aendaye kasi 1/2000. Wakati wa kiangazi vumbi la Serengeti ni jepesi kama unga, basi usibadilishe lenzi nje. Kama una bodi mbili, kila moja ibaki na lenzi yake siku nzima. Na mchana wa joto, hata lenzi bora itatoa picha za vitu vya mbali zikiwa kama zimeyeyuka. Hiyo ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Subiri, au piga alfajiri.

Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na visiwani tuna tatizo ambalo vitabu vya wenzetu huligusia tu: unyevu. Kuvu humea ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na ikishakula kioo, usafi haurudishi kila kitu. Mkoba wa kamera uliofungwa kabatini ndipo mahali pabaya kuliko pote. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka pakiti kubwa za silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu, lenga asilimia 40 hadi 50, na zikaushe pakiti mara kwa mara. Zaidi ya hayo, zitumie lenzi zako. Inayokaa miezi gizani ndiyo inayoota. Ukitoka kwenye gari au ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa hivi. Ukiitoa ghafla itajaa ukungu, nje ya kioo na pengine ndani.

Kuhusu kadi za kuhifadhia picha sina mengi. Alama ya V30 inamaanisha kadi inahakikisha kuandika megabaiti 30 kwa sekunde, inatosha kwa video nyingi za 4K za kawaida. Kamera yenye matundu mawili ya kadi, andika picha zilezile kwenye zote mbili. Kadi mpya ijaze hadi mwisho nyumbani na uzifungue picha zote kabla ya kuipeleka harusini, kwa kuwa za bandia ni nyingi.

Kabla ya kununua, kodi. Wapo wanaokodisha lenzi kwa siku, Dar es Salaam na Nairobi, na kazi moja ukiwa na lenzi mkononi itakueleza zaidi ya mapitio yoyote. Ukiamua kununua iliyotumika, ambayo ndiyo njia ninayowashauri wengi, nenda na tochi, kamera yako na muda. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mshazari: vumbi dogo halina neno, nyuzi au madoa ya kuvu ziache hapo hapo. Angalia kama mabawa ya tundu yana mafuta. Zungusha pete zote, usikilize kama kuna mkwaruzo wa mchanga. Piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, tundu likiwa wazi kabisa, kisha kuza kona zote nne. Kona moja ikiwa imefifia na nyingine tatu zikiwa kali, lenzi hiyo huenda ilishaanguka. Mwuzaji akikataa usiijaribu nje ya duka lake mchana, mshukuru na uondoke.